Ombi la Cheti kwa Ajili ya Paa la Mama Mkwe

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi,
Idara ya Hali ya Hewa.

KUH: VISULISULI VITATU VYA JUMATANO, NA HAJA YANGU YA CHETI CHENYE MUHURI

Mheshimiwa,

Nakutakia afya njema wewe na ofisi yako, na natumaini barua hii itawakuta mkiwa chini ya paa. Kama paa halipo, anwani yangu iko nyuma ya bahasha.

Mimi ni fundi wa kuezeka nyumba, mwaka wa ishirini na sita sasa. Mtaani wananiita Fundi Nakuja, kwa sababu ndilo neno ninalolitumia zaidi kwenye simu. Nyumba yangu mwenyewe inavuja sehemu mbili. Nalisema mapema ili lisije likasemwa na mtu mwingine, hasa mke wangu, ambaye ni mwalimu wa darasa la kwanza na ndiye atakayesahihisha tahajia ya barua hii kabla haijafungwa. Anatumia kalamu nyekundu hata nyumbani.

Sikuandikii kwa kupenda makuu. Nilianza kwa kufuata ngazi za chini kama raia mwema. Alhamisi nilikwenda ofisi ya manispaa, dirisha la uharibifu, nikapanga foleni hadi miguu ikaanza kunisemesha. Nilipofika mbele, karani alifungua daftari, akanionyesha mstari kwa ncha ya kalamu. Nyumba ya mama mkwe wangu imeandikwa "imeezuliwa" tangu tufani ya miezi minane iliyopita. Kwa mujibu wa daftari, akanieleza, nyumba iliyokwisha kuezuliwa haiwezi kuezuliwa tena. Nikamwambia imeezuliwa tena jana. Akasema jana haina safu. Nikamuuliza, sasa niende wapi? Akanijibu kwa upole, bila kuinua kichwa, "Mzee, nenda kwa wanaohusika na upepo."

Ndiyo maana nimekuja kwako.

Najua Idara yako iko mji mwingine, kwa hiyo nitakueleza hali yetu kwa ufupi. Tufani ile ilitoka baharini, ikakaa kwetu siku nzima, ikaondoka na nusu ya mapaa ya mji. Siku hiyo mimi nilikuwa kazini, mahali pa usalama, na sina la kuongeza hapo. Tangu wakati huo tumekuwa tukijiunganisha polepole kama mtu aliyevunjika mbavu. Halafu Jumatano iliyopita, kati ya saa nane na saa tisa na nusu mchana, vikaja visulisuli vitatu. Sizungumzii vile vya vumbi vinavyozungusha mifuko ya plastiki kiwanjani na watoto wakavikimbiza. Hivi vilisimama kama nguzo kutoka mawinguni hadi barabarani, na vilinguruma kama lori lililokwama matopeni. Watu kumi na mmoja waliumia. Hakuna aliyekufa. Hilo nalitaja kwa shukrani kabla sijaanza kulalamika, maana nikishaanza huwa sikumbuki kushukuru.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kuhusu zamu.

Mji wetu ulikuwa bado haujamaliza kuhudumiwa na upepo wa kwanza. Taa za barabarani za njia panda kubwa bado zimelala ubavu, na askari wa usalama barabarani hukaa juu yake akipumzika. Mke wangu anafundisha watoto tisini ndani ya hema moja. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni hawa wamekuja mwenyeji akiwa bado wodini, wakamvuta shuka.

Mfanyakazi akiugua hupewa mapumziko, na mkubwa wake haruhusiwi kumfuata kitandani na kazi nyingine. Naomba mji wetu nao upewe mapumziko ya ugonjwa, yasiyopungua mwaka mmoja, na yatangazwe redioni kwa sauti ya kutosha ili upepo wenyewe usikie.

2. Kuhusu kutambulishwa.

Tufani ilikuja na jina lake. Tulitangaziwa siku nne kabla. Tuliambiwa itafika saa ngapi, tukachota maji, tukafunga madirisha, na hata waliokuwa hawasemezani walisemezana. Visulisuli hivi havikuwa na jina, wala taarifa, wala adabu. Mtangazaji wenu wa hali ya hewa, ambaye nampenda kwa sauti yake, alisema saa nane kamili kwamba kutakuwa na mawingu hapa na pale na upepo wa kiasi. Mheshimiwa, mimi najua maana ya kiasi. Mke wangu akinituma chumvi kiasi, sirudi na gunia.

3. Kuhusu jinsi nilivyoaibishwa hadharani.

Lalamiko hili ni refu kidogo. Nakuomba ukae.

Inabidi ujue kwanza kwamba mama mkwe wangu anaishi nasi tangu tufani. Ni mkunga mstaafu. Miaka thelathini na tano amepokea watoto wa mji huu, na hata karani yule wa dirishani alipokewa na mikono yake, ingawa haikunisaidia. Analala chumbani na binti yake. Mimi nalala sebuleni kwenye kochi ambalo limenipungukia mkono mmoja. Sielezi hivyo ili kulalamika. Ni mgeni asiye na makuu: anafagia kabla hatujaamka na hajawahi kusema neno kuhusu yale matone mawili, ila huweka ndoo chini yake kwa ustadi unaoniumiza kuliko matusi.

Siku ya kwanza alipokuja na mabegi yake, nilisimama mbele ya ndugu na majirani nikaahidi kwamba nyumba yake nitaiezeka mimi mwenyewe, kwa mikono yangu miwili, bila kibarua, kama heshima ya mkwe kwa mkwe. Watu walipiga makofi. Makofi ni kitu kibaya sana, Mheshimiwa. Yanamfanya mtu aongeze maneno. Nikaongeza, "Ndani ya mwezi mmoja."

Miezi minane ikapita. Kazi zilikuwa nyingi. Niliezeka duka la dawa, karakana ya baiskeli na nyumba saba, nikiwa na vibarua wangu, wao juu na mimi chini nikielekeza, kwa sababu kosa la paa huonekana vizuri zaidi ukiwa chini. Wiki mbili zilizopita, hatimaye, mabati ishirini na mawili yakapanda juu ya nyumba ya mama mkwe. Ukipita barabarani ulikuwa unaliona paa zima, linang'aa hadi unakunja uso.

Jumatatu, tukiwa mezani, mama mkwe aliniuliza, "Mkwe, paa limefikia wapi?"

Nikajibu, "Limeisha, Mama."

Neno kuisha lina maana nyingi. Sukari ikiisha, haina maana kwamba imekamilika. Nimemweleza mke wangu hivyo, akasema darasa la kwanza yeye hufundisha maana moja tu.

Sasa, Jumatano saa nane na robo nilikuwa kwa kinyozi. Ni jirani yangu na rafiki yangu, na kibanda chake tangu tufani kina mbao pande tatu na turubai juu. Alikuwa amemaliza shavu la kushoto. Turubai likapiga kofi mara mbili, halafu halikuwapo tena. Hatukuliona likienda. Kinyozi alitazama juu, akatazama wembe, akasema, "Fundi, mbona anga limetuingilia?"

Tukatoka nje. Kisulisuli cha kwanza kilikuwa kinapita nyuma ya soko, kimebeba meza na miavuli. Watu walisimama katikati ya barabara wakikitazama, kimya, kama wanaotazama jamaa yao anayelewa ambaye walidhani ameacha pombe. Kinyozi ndiye aliyeniuliza, "Mama mkwe wako yuko wapi saa hizi?"

Hapo ndipo nikakumbuka. Mama mkwe aliondoka nyumbani saa sita mchana na mfuko wa mapazia na futi ya kupimia. Alikuwa amekwenda kupima madirisha ya nyumba yake. Alikwenda kwa hiari yake, naomba liandikwe hivyo, ingawa ni kweli kwamba mtu hapimi mapazia ya nyumba isiyo na paa, na ni kweli kwamba aliyemwambia lipo ni mimi.

Nilikimbia. Umri wangu ni miaka hamsini na mbili na kitambi changu kina umri wa miaka ishirini. Nilikuwa na ndevu upande mmoja, povu upande huo huo, na shuka jeupe la kinyozi limefungwa shingoni kwa pini. Mitaa tisa, Mheshimiwa. Kisulisuli cha pili kilipita upande wa karakana tukiwa tunakwenda njia moja, mimi na upepo, na watu walikuwa wanatukimbia wote wawili kwa hofu sawa. Mama mmoja alimvuta mtoto wake ndani, na nina hakika hakuwa anatazama angani.

Nilipofika kona ya duka la dawa nikakiona cha tatu. Kiliingia mtaa wa mama mkwe kama mtu anayejua nyumba anayokwenda. Nikaliona bati likipanda. Bati langu nalijua kama mzazi anavyojua kikohozi cha mwanawe. Lilipanda bila pupa, likafuatwa na la pili na la tatu, yote ishirini na mawili, moja moja, kama wanafunzi walioruhusiwa kwenda nyumbani. Hakuna lililochanika. Hakuna lililopiga kelele. Fundi mwenzangu yeyote akisoma hapa atakuwa na swali. Namwomba asiliulize.

Niliingia ndani nikiita, "Mama." Hakujibu mtu. Kuta zilikuwa zimesimama na juu ilikuwa mbingu tupu. Sebuleni pazia moja lilikuwa limekwisha kutundikwa, limenyooka, halina hata mkunjo. Nikaita tena. Chumba cha kulala, hakuna. Jikoni, hakuna. Sauti yangu ilikuwa imekwisha kuwa ya mtoto nilipofungua mlango wa bafu.

Alikuwa ameketi kwenye kona juu ya ndoo iliyopinduliwa, mfuko wa mapazia kichwani, futi bado mkononi. Alikuwa mweupe kwa vumbi. Mguu wake wa kulia ulikuwa unatoka damu. Mama huyu hana desturi ya kupiga kelele; kelele amezisikia za wengine miaka thelathini na tano. Alinitazama usoni, akatazama ndevu, akatazama shuka.

"Mkwe," akasema, "wewe unaumwa?"

Nikasema siumwi.

"Paa lako limeondoka."

"Nimeliona, Mama."

"Halikuaga," akasema, akaninyooshea mkono nimwinue.

Nilimbeba mgongoni hadi zahanati. Mguu ulishonwa nyuzi sita. Njia nzima hakunilaumu kwa neno lolote, na hilo, Mheshimiwa, ndilo lalamiko langu la tatu. Kama kisulisuli kingenipiga mimi, ningekuwa mgonjwa anayehurumiwa. Kimempiga yeye, na mimi nimebaki mzima, jambo ambalo halina dawa.

4. Kuhusu mawe.

Kilichomkata mama mkwe mguu si bati. Ni kipande cha beseni lililovunjwa na jiwe, na jiwe hilo, lenye ukubwa wa mkate, lilianguka nusu hatua kutoka alipoketi. Alilitia kwenye mfuko wake wa mapazia. Sikujua hadi tulipofika nyumbani, akalitoa, akaliweka juu ya kabati kando ya picha yetu ya harusi. Hajaniuliza kitu. Anakula, analitazama, anaendelea kula.

Si hilo tu. Mshona nguo anayeishi mkabala na nyumba ya mama mkwe ameokota mawe mengine mawili uani kwake, pamoja na tairi kuukuu la baiskeli. Ameanza kuwauliza watu kwa nini upepo utembee na mawe. Ni mwanamke mwerevu na ana wateja wengi.

Kwa hiyo naiomba Idara ithibitishe kwa maandishi, kwa lugha ya kitaalamu na ngumu kiasi cha mshona nguo kutoielewa, kwamba visulisuli vya aina hii huokota mawe njiani. Ikiwezekana yatajwe machimbo yalikotoka. Ikiwezekana zaidi, machimbo hayo yawe mbali.

4 na nusu. Kuhusu tairi.

Kama nilivyosema kuhusu mawe.

5. Kuhusu kuingiliwa katika kazi.

Mabati tisa kati ya ishirini na mawili yamepatikana. Manne yalikuwa uwanja wa mpira, yamejipanga katikati kama yanayosubiri filimbi. Matatu yalikuwa makaburini. Moja liliingia hema la shule, likasimama mbele ya darasa bila kumgusa mtoto yeyote, na mke wangu sasa analitumia kama ubao. La tisa lilitua juu ya kibanda cha kinyozi, mahali palepale lilipokuwa turubai, na limekaa sawasawa.

Nililikagua kwa makini nikitafuta kasoro. Limeelekea upande wa kumwagia maji. Limezidi ukuta kwa shibiri, kama inavyotakiwa. Kwa masikitiko makubwa naandika kwamba limekaa vizuri kuliko nilivyolikalisha mimi. Kinyozi anawaambia wateja kwamba alipata fundi siku hiyohiyo alipomhitaji, hakumpigia simu hata mara moja, na hakuambiwa "nakuja."

Nimefanya kazi hii miaka ishirini na sita. Siogopi ushindani. Lakini mshindani awe mtu, awe na kibali, na asianze kwa kubomoa ili apate pa kuezeka.

Kutokana na hayo yote naomba mambo yafuatayo, na nimeyapanga kuanzia lililo jepesi.

(a) Nipewe cheti chenye muhuri wa Idara kinachosema kwamba hakuna paa lolote, liwe limeezekwa na nani na kwa njia gani, ambalo lingestahimili kisulisuli cha tatu. Maneno "kwa njia gani" naomba yasisahauliwe.

(b) Cheti hicho kiandikwe kwa jina la mama mkwe wangu, aletewe mkononi na afisa aliyevaa sare, na afisa huyo aje wakati mimi sipo.

(c) Mtangazaji asome redioni kwamba fundi fulani wa mji wetu hana hatia. Jina si lazima. Watanijua.

(d) Visulisuli visajiliwe katika chama cha mafundi wa kuezeka, vilipe kiingilio kama sisi, na vihudhurie mkutano wa mwaka ili tuvione uso kwa uso.

(e) Kama (a) hadi (d) haviwezekani, basi Idara itangaze kwamba Jumatano ile haikuwapo. Karani wa manispaa yuko tayari kuunga mkono. Daftari lake tayari halina safu.

Nimalizie kwa kukuomba radhi kwa urefu wa barua. Nisalimie mtangazaji, na umwambie sina kinyongo naye, ila akae mbali na neno kiasi. Nisalimie katibu muhtasi wako, mlinzi wa getini, dereva, mhudumu wa chai, na wale vijana wanaopanda juu kusoma vile vyombo vinavyozunguka. Wasalimie wote nyumbani kwako, hasa mama mkwe wako kama yu hai, na kama umewahi kumwahidi kitu, kifanye leo.

Ni mimi, niliye na kichwa juu ya mabega ingawa sina paa zima la kukificha,

Fundi wa Kuezeka.

BAADA YA SAHIHI:

Mheshimiwa, siku saba zimepita tangu niandike hapo juu. Barua ilikuwa mezani ikisahihishwa. Mke wangu alipokwenda kazini, mama mkwe akaisoma. Aliisoma yote, taratibu, kidole kikifuata mstari, mimi nikiwa mlangoni nimeshika kikombe ambacho nilikuwa nimekwisha kukinywa.

Alipomaliza akavua miwani. "Umeandika mawe kila mahali," akasema. "Msumari hujauandika hata mara moja."

Nilikaa chini. Nikamwambia.

Hakukuwa na msumari, Mheshimiwa. Hata mmoja. Mabati yalisukumwa juu kwa mti mrefu na mimi na kinyozi, na kinyozi ndiye aliyepanda kuyapanga na kuyawekea mawe na lile tairi. Nilimwambia misumari iko njiani. Mimi niliishia kipandio cha tatu cha ngazi, ambacho ndicho nimekuwa nikiishia kwa miezi minane.

Nilikuandikia kwamba siku ya tufani nilikuwa mahali pa usalama. Si kweli. Nilikuwa juu ya paa la shule, nikimalizia kofia ya bati inayofunika kilele, kwa sababu nilijiambia tufani haitafika kabla sijamaliza. Ikafika. Ngazi ikaanguka. Nilikumbatia boriti kwa saa nne, na mabati niliyoyapigilia kwa mkono wangu yalinipita moja moja karibu na uso. Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka, na hakukuwa na wa kusikia. Nilipoteremshwa niliwaambia watu nilikuwa stoo. Tangu siku hiyo nikivuka kipandio cha tatu magoti yananiacha. Nyumba zote nilizoezeka tangu wakati huo zimeezekwa na vibarua wangu, nami chini nimeshika kiuno nikinyoosha kidole kama mjuzi. Ya mama mkwe niliahidi mikono yangu mwenyewe. Mikono ilikuwepo. Magoti ndiyo hayakuwepo, nami sikujua jinsi ya kulisema hilo mbele ya watu waliopiga makofi.

Mama mkwe alinisikiliza bila kunikatisha. Nadhani ndivyo alivyokuwa akiwasikiliza wanawake wodini.

"Ulikuwa peke yako kule juu?"

"Peke yangu, Mama."

"Saa nne?"

"Saa nne."

"Mguu wangu utapona," akasema. "Uongo wako ulikuwa mbaya. Umenikasirisha na bado nimekasirika, usidhani nimemaliza." Halafu akasema, "Nimezalisha wanawake walioogopa hadi wakaomba warudi nyumbani, mtoto akiwa mlangoni. Hakuna niliyemrudisha. Nilikuwa nawaambia, tupokee uchungu huu uliofika. Ule mwingine haujaja, tusianze kuuogopa." Akachukua mtandio wake. "Twende, mwanangu. Ngazi iko wapi?"

Kwa hiyo, Mheshimiwa, nafuta malalamiko yote na maombi yote, pamoja na nusu ile ya tairi. Mawe yalikuwa yetu. Machimbo yake ni nyuma ya nyumba ya kinyozi. Kisulisuli kilichukua kilichoachwa wazi, na hakuna Idara inayoweza kunipa cheti kwa hilo. Ningeichana barua, lakini mke wangu amesahihisha makosa thelathini na moja, na anasema kazi iliyosahihishwa lazima ikabidhiwe. Ameandika pia pembeni, kwa kalamu ileile nyekundu, "Mbona hukuniambia?" Hilo si kosa la tahajia. Nimelijibu kwa mdomo, na limechukua jioni nzima.

Kila asubuhi tunakwenda kwenye nyumba yake, yeye akichechemea na mimi nikibeba ngazi. Anaishika kwa mikono miwili, mimi napanda kipandio kimoja zaidi ya jana, nakaa hapo hadi magoti yatulie, nashuka. Leo nimefika cha saba. Ngazi yetu ina kumi na viwili, na juu ya hapo ndipo kazi inaanza, kwa hiyo usitarajie habari ya mapazia hivi karibuni.

Nabaki na ombi moja tu, na hili si la kejeli. Upepo mwingine ukija, mtwambie mapema, hata kwa saa moja. Kupanda ninapanda. Lakini kushuka kutoka cha saba bado kunanichukua karibu nusu saa, na mama aliyeshika ngazi amekataa kuondoka kabla yangu.